Aliyeachwa Chini ya Zege

Zege la Sikhumbuzo Zondi lilikauka lote isipokuwa mahali pamoja. Palikuwa katikati ya njia, karibu na ngazi za baraza, ukubwa wa mkeka wa kulalia mtu mmoja. Jua la mtaa wetu wa Imbali lilipawakia, upepo ukapapuliza, na bado palibaki peusi na penye unyevu, na ukipagusa kwa kiganja unakuta uvuguvugu. Sikhumbuzo alisema ni fundi huyo, amezidisha maji. Fundi lazima alaumiwe, kwa sababu Sikhumbuzo hajapata kukosea tangu atoke tumboni mwa mama yake.

Ngoja niwaambie alikuwa mtu wa namna gani, maana wengine mtataka kumwonea huruma na mimi sitaki.

Alikuwa msimamizi wa duka la samani mjini. Kabla ya kununua gari alikuwa anasalimia watu. Akanunua gari, jeupe, la mkono wa pili, lililolala chini hata likikanyaga kokoto tumbo linalia, na salamu zikaisha. Masikini akipata, matako hulia mbwata. Ya Sikhumbuzo tuliyasikia mtaa mzima. Uani kwake palikuwa na vumbi kama kwetu sote, vumbi alilolichezea uchi utotoni, na ghafla vumbi hilo likawa halivumiliki. Akataka njia ya gari ya zege kutoka getini hadi barazani, ukuta kwa ukuta. Si vipande viwili vya kupitisha magurudumu kama wanavyofanya watu wenye akili zao. Ukuta kwa ukuta, pasibaki hata pa kuota jani.

Wakati huo huo ndugu yake mdogo akafa. Thulasizwe, tuliyemwita Thula, alikuwa dereva wa lori, mcheshi, mguu mmoja akiuburuta kidogo tangu utoto. Lori lake lilipinduka kule Mpofana asubuhi ya ukungu. Mama yao, MaMkhize, alikuwa akiishi chumba cha nyuma kwa Sikhumbuzo. Alipopewa habari hakupiga kelele. Alisema tu, "Mleteni mwanangu nyumbani."

Sote tulijua maana yake. Maiti huletwa na gari la maiti, hiyo si kazi. Lakini roho ya mtu aliyefia njiani hubaki pale pale, imeduwaa, inawauliza wapita njia njia ya kwao, mpaka mtu wa damu yake aende na tawi la mkunazi amwite kwa jina. Tangu hapo mwenye tawi hazungumzi na mtu yeyote aliye hai. Anazungumza na marehemu peke yake: sasa tunapanda gari, sasa tunavuka mto, sasa tumefika. Anaingia naye kwa geti, anapita naye mlangoni, analilaza tawi ndani, ukutani kwa nyuma, mahali pa wazee wa nyumba. Akimjibu mtu njiani, amempoteza marehemu. Kwetu hata mtoto anayenyonya karibu analijua hilo.

Mwenye akili angesema zege lisubiri. Sikhumbuzo akasema zege liwahi.

"Watu watakuja mazishini na magari yao," alimwambia mkewe, MaNgcobo. "Wakute vumbi? Wakute kama kwa watu wa hivi hivi?"

"Zondi, tuna msiba."

"Ndiyo maana! Msibani ndipo watu wanapoangalia nyumba."

Basi mafundi wakamwaga zege siku ile ile baba mdogo Mzwempi, mdogo wa marehemu baba yao, alipokwenda Mpofana kumchukua Thula. Alasiri zege lilikuwa limeshasawazishwa, limeshachorwa mistari kwa ufagio, bado laini kama uji uliopoa. Mara Mzwempi akashuka kwenye teksi mwanzo wa mtaa, koti kubwa mwilini, tawi mikononi, akinong'ona.

"Thula, tumeshuka. Ile pale nyumba ya kaka yako. Lile geti la bluu. Tunaingia sasa, mwanangu."

Tuliokuwa barabarani tulivua kofia. Wanawake waliinamisha vichwa.

"Simama hapo hapo!" Sikhumbuzo alipaza sauti, akaja akasimama getini kama askari wa benki. "Baba mdogo, zege bichi hilo. Pita kwa jirani, uruke ukuta."

Mzee wa umri ule, na tawi la miiba, aruke ukuta! Mzwempi alitikisa kichwa. Anayeruka ukuta ni mwizi, mtu haingii hivyo kwao.

"Basi kaa na hilo tawi lako mpaka kesho." Mzwempi akatikisa kichwa tena. "Umekuwa bubu?"

Mmoja wetu akashindwa kuvumilia. "Nondaba," akamwita kwa jina la heshima la ukoo wao, ambalo siku ile hakulistahili, "unajua kabisa kwamba hawezi kusema."

"Wewe nani kakuuliza? Zege ni la kwenu?"

Kule barazani MaMkhize alikuwa ameshainuka kitini, mikono ameinyoosha mbele. "Mwache apite, mwanangu. Alama za miguu zitafutika."

"Hazifutiki, mama! Hili ni zege, si udongo wenu huo!"

Na hapo ndipo alipofanya alilolifanya. Alimnyang'anya Mzwempi tawi, miiba ikamchana kiganja, akalirusha juu ya zege kuelekea barazani. "Mama, daka!" Jamani, akasema daka, kama anarusha ndizi. Halikufika. Lilianguka karibu na ngazi, likazama nusu yake kwenye zege bichi, na MaMkhize akatoa ukelele ambao sijapata kuusikia kwa mtu.

Fundi alivua viatu. "Bosi, niingie nilichukue?"

"Ukanyage? Una wazimu?"

"Basi mimi hapo siligusi, bosi."

Sikhumbuzo akatandaza ubao, akalala juu yake kifudifudi na tai yake shingoni, akachukua mwiko wa fundi, akalisukuma tawi chini mpaka mwiba wa mwisho ukapotea. Kisha akapasawazisha. Alipasawazisha vizuri, kwa hilo nitamsifu.

"Mti ni mti," alisema akijipangusa magoti. "Na tena ameshaingia geti. Ndani ni ndani."

Mzwempi alikaa chini barabarani akalia. Tangu siku ile hajamsemesha Sikhumbuzo, na sasa hana tena wa kumsemesha.

Mazishi yalifanyika. Watu walikuja na magari, wakalisifu zege, maana watu ni wanafiki. Jeneza lilipita juu ya pale pabichi, na wabebaji wote wanne walisema baadaye kwamba mahali pale liliwazidia uzito ghafla, hata mmoja akapiga goti.

Vishindo vilianza baada ya wageni kuondoka. MaNgcobo alikuwa wa kwanza kuvisikia, alfajiri, akiwasha jiko. Mtu alikuwa akitembea kwenye zege kutoka getini, hatua moja nzito, ya pili ya kuburuta. Alidhani ni muuza maziwa. Alifungua pazia, hakuona mtu. Gari jeupe lilikuwa pale, limejaa umande, na hatua zikapita ubavuni mwake, zikakaribia ngazi, zikakoma. Kisha zikaanza tena getini. Hazikurudi, zilianza tu upya kule mbali, kama hazikuwa zimetembea kabisa.

Alimwambia mumewe. Mumewe akamwambia saruji ikikauka hulia. Alikuwa na jibu la kila kitu, huyu bwana. Harufu ya dizeli ilipoanza kuingia ndani alisema ni majirani. Mbwa alipokataa kuvuka uani, akawa anabweka getini mpaka atupiwe mfupa, alisema mbwa ni mjinga. Akamkataza mkewe kupita pale na viatu, eti vinachora. MaNgcobo akawa anatembea pekupeku pembeni, ubavu ukisugua ukuta, mfuko wa unga kichwani. Neno la asante alikuwa ameshasahau linavyotamkwa katika nyumba ile.

MaMkhize yeye alikuwa akimpelekea mwanawe chakula. Kila jioni alichota uphuthu, ugali wetu mkavu wa chenga chenga, na maziwa mgando kwenye bakuli, akakaa kwenye ngazi, akaliweka pale pabichi. "Kula, mwanangu. Watakufungulia." Asubuhi bakuli lilikuwa limejaa vile vile, maziwa yamepata rangi ya kijivu na yananuka mafuta ya gari. Siku moja akasukuma sahani yake mwenyewe pembeni.

"Nitakula akila ndani," alisema. "Kabla ya hapo msinipakulie."

Hakuwa anatania. Mwili ulianza kumwisha, mashavu yakabonyea, na MaNgcobo alipomwogesha alihesabu mbavu za mkwewe kwa vidole. Hapo ndipo alipomfuata mumewe sebuleni.

"Vunja, Zondi. Kipande kile tu, tulitoe tawi tuliingize ndani. Mama anakufa."

"Ukivunja zege, kiraka hakifanani rangi. Utakiona milele."

"Na mama je?"

"Mama ana huzuni. Huzuni hupita."

Kisha ikaja ile alasiri ya radi. Umeme ulikuwa umekatwa kama kawaida, mawingu yalishuka hadi mapaa, saa za mchana zikawa giza tupu. Mume na mke walikuwa sebuleni bila mshumaa, mvua ikipiga mabati.

"Umesikia?" MaNgcobo alinong'ona.

"Mvua hiyo."

"Mvua haivai viatu, Zondi."

"Nyamaza. Ukinyamaza itapita."

Haikupita, zikaja hatua, ile nzito na ile ya kuburuta, zikitoka getini na kupita ubavuni mwa gari na kukaribia ngazi, zikakaribia hata MaNgcobo akashika mkono wa kochi akingoja kitasa kiguswe, na kitasa hakikuguswa, zikaanza tena getini, na tena, upesi zaidi, kama mtu aliyeanza kuogopa kwamba usiku utamkuta nje, na harufu ya dizeli na ya breki zilizoungua ikapenya chini ya mlango ikajaa chumba mpaka macho yakatoka machozi, na hatua zikawa za kukimbia, kukimbia kwa mtu mwenye mguu mbovu, zikija zikija zisifike, mpaka zikakoma zote kwa mara moja, na karibu kabisa, kwenye tundu la ufunguo, sauti ya mtu aliyechoka lakini asiyependa kusumbua ikasema, "Kaka, mlango uko wapi? Natembea tu, sifiki."

MaNgcobo aligeuka kumtazama mumewe. Hakumwona. Msimamizi wa duka la samani alikuwa amejibanza nyuma ya kochi, na ile nailoni aliyokataa kuivua tangu kochi litoke dukani ilikuwa ikitetemeka pamoja naye.

"Mjibu," MaNgcobo alisema. "Ni ndugu yako, mjibu!"

"Siyo yeye. Mwambie hatupo."

Mlango ulifunguliwa na MaMkhize. Alipita katikati yao akishika kuta, akaingia mvuani, akakaa kwenye kile kipande cha zege ambacho mvua haikukibadilisha, kwa kuwa kilikuwa kimelowa siku zote. "Nipo hapa, mwanangu," alisema. "Ukishindwa kuingia, mimi nitatoka." MaNgcobo alimfuata na mwavuli. Mwanamume alibaki na kochi lake.

Asubuhi yake MaMkhize aliwaita majirani dirishani. "Nipelekeni kwenu nikafie huko," alisema, kila mtu akasikia. "Kwenu geti liko wazi."

Hilo sasa lilimchoma Sikhumbuzo. Njaa ya mama yake haikumchoma, sauti ya ndugu yake haikumchoma, ila majirani kusikia, lo! Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshamwita mganga.

MaShezi alikuwa mwanamke mfupi mwenye shanga nyekundu na ulimi mkali. Alipiga goti pale pabichi, akachoma impepho, majani makavu ya kuwaitia wazee, moshi wake ukalala chini badala ya kupanda. Akanyanyuka taratibu.

"Nani alimtupa?"

Sote tulimtazama Sikhumbuzo.

"Haya. Aliyetupa ndiye aokote. Watavunja hapa, utalitoa tawi kwa mikono yako, utamwambia ulilomfanyia, utamwingiza ndani ukamlaze mahali pake. Katikati ya hapo na mle ndani usizungumze na aliye hai. Hata ukiumwa na nyoka. Ukisema, hana tena pa kurudi, na mimi sitajua atakwenda wapi."

"Tundu dogo tu linatosha, au siyo?" Sikhumbuzo akatoa chaki mfukoni, akachora kamraba.

MaShezi alikiangalia kile kichoro, akamwangalia yeye. "Mama yako anakufa na wewe unachora."

Wanaume wawili wakashika sururu na nyundo kubwa. Zege lilipasuka kwa sauti ya mfupa. Chini yake hapakuwa na udongo mkavu kama tulivyotazamia. Palikuwa na shimo lenye umbo la mtu aliyejikunja kwa baridi, magoti kifuani, na katikati ya shimo tawi la mkunazi, bichi, majani mapya yamechipua, yanadondosha maji. Watu walirudi nyuma. MaMkhize, aliyekuwa ameegemezwa mlangoni kwa mito, alianza kulia kimya kimya.

Sikhumbuzo alilinyanyua kwa mikono miwili, mishipa ya shingo ikamtoka kwa uzito wake. "Thula," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma risiti, "ni mimi kaka yako. Nilikutupa. Twende ndani."

Akaanza kutembea. Na kulikuwa na nini cha kutembea? Ngazi, baraza, mlango, basi. Mama yake alikuwa pale, mikono imeshanyooshwa. Alipanda ngazi. Akakanyaga baraza. Nyuma yake mmoja wa wale wavunjaji aliegemeza nyundo yake vibaya, ikateleza, ikaangukia mlango wa gari jeupe.

Alisikia ule mlio. Angeweza kuendelea mbele. Mtu mwingine yeyote pale mtaani, hata mlevi wa mwisho, angeendelea mbele. Yeye akageuka.

"Mbwa wewe! Gari langu!"

Mdomo ulibaki wazi. Tawi lilinyauka mikononi mwake tukitazama, majani yakakunjamana, miiba ikadondoka, likabaki vumbi la kijivu likipeperuka, na vumbi lile halikwenda na upepo. Lilimwingia mdomoni. Macho yalimtoka, koo likapanda na kushuka, likapanda na kushuka, mpaka likatulia. Akafunga mdomo. Akaligeuzia gari mgongo bila kulitupia jicho, akaingia ndani, hatua moja nzito, ya pili ya kuburuta.

"Umechelewa, mwanangu," MaMkhize alisema.

"Barabara, mama," sauti ya Thula ikajibu. "Una njaa?"

Jioni ile MaMkhize alikula. Alikula sahani nzima ya uphuthu, akaomba nyingine, na yule aliyeketi mbele yake kwa mwili wa Sikhumbuzo alikuwa akimchekesha kwa visa vya malori. Alivua nailoni kwenye kochi ili mama akae vizuri. MaNgcobo alipomwekea bakuli, alilipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Asante, shemeji."

MaShezi alimvuta MaNgcobo jikoni. "Sikiliza, mwanangu. Mumeo hajafa. Ametolewa nje, na atakuja mlangoni. Akikuita ukamfungulia kabla ya mapambazuko, atarudi mwilini mwake, na huyu atatoka aende asikojulikana, hakuna tawi tena la kumleta. Usipofungua, basi imekwisha, watabaki hivyo hivyo. Mimi siwezi kukuchagulia." Akafunga shanga zake kwenye kitambaa, akaondoka akipita pembeni, ubavu ukisugua ukuta.

MaNgcobo alikaa mezani nao. Hazikuchelewa, zikasikika kwenye zege hatua za viatu vya ngozi vyenye visigino vigumu, zikitoka getini, zikikaribia, zikianza tena getini. Alizijua. Alikuwa amezisikiliza kila siku ya ndoa yake, akikisia kwa mlio wake leo atalaumiwa kwa lipi. Mara ya mwisho zilifika mpaka mlangoni, na sauti ya mumewe ikaja chini sana, ya hofu, sauti ambayo hakuwahi kumpa hata siku moja.

"MaNgcobo. Ni mimi. Nifungulie, mke wangu. Nakuomba."

MaMkhize aliacha kutafuna. Alimtazama mkwewe, mafuta ya chakula bado yakimng'aa midomoni. Yule mwingine naye aliweka kijiko chini, akangoja kama mgeni anayejua kwamba nyumba si yake.

MaNgcobo aliinuka. Alifika mlangoni akashika ufunguo, akasikia pumzi za Sikhumbuzo upande wa pili wa ubao. Akauzungusha mara mbili, akauchomoa akautia kifuani, kisha akarudi kumwongezea shemeji yake maziwa.